Mshale wa Kipimaraha

Kabla gari halijawashwa, Kipimaraha kilianza kazi kichwani mwa Ndahani. Kofia ya nyuzi laini ilimkaza, ikapitisha umeme mdogo kwenye ubongo, ikaitafuta furaha yote aliyokuja nayo kutoka nyumbani na kuifuta. Wataalamu waliiita hatua hiyo kusawazisha. Mshale kwenye kioo cha kipimo ukashuka hadi sifuri. Hapo ndipo magari yangeshindanishwa kwa haki, maana katika Dodoma ya siku hizi kasi haikumshangaza mtu; wanunuzi walitaka kujua gari lipi linafurahisha zaidi.

Alianza na gari la michezo, la chini, jepesi kwenye kona. Kisha akapanda gari la aina iitwayo poni: boneti ndefu, mgongo mfupi, mngurumo wa kutikisa madirisha, gari la mtu wa kawaida anayetaka naye ageuziwe shingo. Kwa miaka minane watu walibishania magari hayo, na Ndahani, dereva wa majaribio, ndiye aliyekuwa akikata ubishi kwa kofia hiyo.

Alishuka akaubamiza mlango.

"Sifuri," alisema Injinia Perpetua. "La michezo sifuri, poni sifuri. Mara ya tano hii, mzee Ndahani. Turudie."

"Turudie nini, Injinia? Kona ya tatu zamani nilikuwa nacheka peke yangu. Sasa naikata kama ninavyokata kucha."

Alishaandika barua tatu kuomba apumzishwe kofia. Alijibiwa kwamba haina madhara, na kwamba hasira zake zinathibitisha hisia ziko timamu. Upuuzi mtupu. Hasira haiuzi gari, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Lakini leo alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Binti yake Yunisi, aliyekwisha kupoteza mimba mbili, alikuwa leba tangu alfajiri. Ndahani alijiambia kwamba simu ya mkewe ikija, atajua kama bado kuna kitu kimebaki ndani yake.

Ikaita wakiwa wamerudi chumba cha vipimo, kofia ikiwa bado kichwani; akaipokea kwa spika.

"Baba Yunisi," mkewe alisema kwa sauti ya kulia na kucheka. "Wa kike. Mama na mtoto wote wazima. Msikie."

Kilio chembamba kikajaa chumba cha vipimo.

"Tunamshukuru Mungu," Ndahani alisema. Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea. Akautazama mshale. Ulikuwa palepale.

Perpetua naye aliuona. Akagonga kioo, akachungulia nyaya, akagonga tena.

"Kimeharibika hiki," alisema. "Nilijua tu. Lete."

Akamvua kofia, akaivaa mwenyewe ili ajaribu. Mtoto akalia tena kwenye simu. Mshale ukaruka hadi themanini, ukabaki huko ukitetemeka.

Perpetua aliivua upesi, lakini Ndahani alikwisha kuona.

"Kizima," alisema.

Injinia aliishika ile kofia kwa mikono miwili, asijue aiweke wapi.

"Baba Yunisi?" mkewe aliita. "Mbona umenyamaza? Hujafurahi?"

Kila Ndahani alipopekua ndani yake, alikuta hasira tu.