Kengele ya Pili

Bi Blodwen wa nyumba ya pili alipokea bakuli lake la mkate wa nyama, akalinusa, kisha akamnusa Nesta aliyemletea.

"Mumeo kaanza tena?"

Nesta machozi yakamlengalenga. Emrys, mumewe, alikuwa na miaka mitatu hajaonja pombe. Lakini tangu wanunue ile baa kuukuu ya mawe na kuigeuza nyumba, kila giza likiingia yeye hukaa kona ya jikoni, kimya, ananuka bia. Na chupa hakuna! Nesta kapekua mpaka ndani ya mabuti.

"Nimeapa kumwacha, Bibi. Leo leo."

"Usimwonee mtoto wa watu. Mwenye baa alikufa huku anamimina, baa imejaa. Tukahangaika na maiti, kengele hatukupiga. Wateja wale wameshakufa wote, ila bado wamo humo, ndio wanaomnukisha mumeo. Mlevi wa huku hatoki bila kengele! Si unajua? Ya kwanza, waagize cha mwisho. Ya pili, watoke."

"Kengele tumeiacha ukutani. Pambo."

"Pambo!" Bi Blodwen akacheka mpaka akakohoa. "Kaipige, mwanangu."

Saa kumi na nusu jioni, majira ya baridi, milima imeshameza jua. Emrys yuko konani. Harufu ya bia... na sufu iliyolowa.

Nesta akavuta kamba ya kengele.

Ngaa!

Viti vikakwaruza sakafu. Viti gani? Wao wana viwili tu.

Buti zikaja. Nyingi, nzito, zikajipanga mbele yake. Pumzi baridi zikampiga usoni.

Emrys naye akaja. Kiganja kimekunjwa kama kimeshika bilauri.

"Mama mwenye baa," akanong'ona, "kimoja tu."

Nesta akaelewa. Ya pili ikilia, watatoka wote.

Wote.

Akamkamata mumewe mkono wa koti, akamganda kama kupe, akavuta kamba tena.

Ngaa!

"Muda umekwisha, mabwana!" akapaza sauti Nesta.

Mlango ukafunguka wenyewe. Buti zikatoka moja moja. Emrys akavutwa... akavutwa... mshono wa bega ukaachia. Nesta hakuachia.

Mlango ukajibamiza.

"Mbona baridi hivi, mpenzi?" akauliza Emrys. Hanuki kitu. Nesta akalia, akacheka, akamkaangia mayai.

Asubuhi alikuwa akishona lile koti. Saa ya ukutani ikagonga saa tano.

Komeo la mlango likacheza. Taratibu, kwa adabu.

Emrys akaweka kikombe chake cha chai chini, akainuka.

"Kaa, Emrys!"

"Ni saa ya kufungua, mke wangu," akasema, akikunja mikono ya shati. "Wateja hao."