Msafara wa Kumuaga Pitomba

Arlindo hunywa kahawa yake akiwa amesimama. Zuleide, mkewe, hukaanga mkate wa muhogo na kumwambia akae kama watu. Hakai. Ana haraka ya kwenda kumlisha binti yake wa ubatizo.

Binti huyo ana uzito wa ng'ombe. Ana ndevu. Jina lake ni Pitomba, naye ni nguva.

Sisi watu wa Barra do Cajá tunaishi pale mto unapoingia baharini, katika pwani ya Paraíba. Arlindo ndiye aliyemkuta Pitomba ufukweni, angali mtoto mchanga, mama yake haonekani. Alimfunika kwa shati lake lililolowa maji, akapiga kelele mpaka watu wa mradi wa kulinda nguva wakaja. Tangu siku hiyo akajiita baba wa ubatizo. Padri alicheka tu, wala hakubisha.

Watu wa mradi walimlea Pitomba kwa chupa za maziwa. Alipokua walimweka katika zizi la nguzo ndani ya mto, ayazoee maji ya nje. Arlindo akawa anampelekea majani ya baharini kwa boti yake kila asubuhi. Injini ya boti hiyo ni kuukuu, inakohoa kama mvuta tumbaku. Pitomba akikisikia kile kikohozi, anakuja mbio, ikiwa nguva ana mbio.

"Unaona anavyonipenda?" Arlindo husema.

"Anapenda majani," Zuleide humjibu. "Hata mimi ningekupenda, ungeniletea chakula kitandani."

Basi ikaja habari kwamba Jumamosi zizi litafunguliwa, Pitomba aende zake baharini. Kijiji kizima kilisimama. Sisi tunajua njia moja tu ya kumsindikiza mtu wa maana, nayo ni kwa boti. Kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Petro tunaipakia sanamu yake katika boti ya Arlindo. Boti nyingine zote zinafuata nyuma, zimevaa bendera za karatasi. Mbele kuna kodiani na ngoma. Fataki zinalia mpaka ndege wanahamia kijiji cha jirani. Kama mtakatifu anapewa heshima hiyo, nguva je?

Mkutano ulifanyika pale penye kibanda cha kupimia samaki. Ulidumu sana, maana hakuna aliyekubali boti yake iwe ya nyuma.

"Mimi ni baba yake. Nitakaa ubavuni kwake," alisema Arlindo.

"Ubavu mmoja," alisema Josenildo, mvuvi mwenye boti mpya na mdomo mrefu. "Ana mbavu mbili yule. Upande wa pili ni wangu."

"Wewe umemfanyia nini?"

"Nilimpa maji matamu ya bomba kwa mpira, kule zizini. Alikunywa akanishika mkono. Tena nitamfungia utepe mwekundu kwenye ile chupa waliyomfunga watu wa mradi, anayoiburuta mkiani."

Watu wakapiga makofi. Utepe mwekundu! Kwa nini hatukuwaza hilo mapema?

Siku tatu kabla ya Jumamosi, Socorro alipita kwa Arlindo. Socorro ni jirani yao, amezaliwa nyumba ya pili, na sasa anafanya kazi katika mradi wa nguva. Alimkuta Zuleide amezama katika bendera za karatasi. Arlindo alikuwa anapaka boti rangi, na sehemu kubwa ya rangi ilikuwa kwenye ndevu zake.

"Mjomba, bendera zote hizi za nini?"

"Za binti yangu. Anaondoka kwa heshima."

Socorro alikaa akaomba kahawa. Mtu wa Barra akiomba kahawa kabla hajakaribishwa, ujue ana jambo zito.

"Mjomba, usinikasirikie. Msafara hautakuwepo. Siku hiyo boti zote zitakaa nyuma ya maboya ya rangi ya machungwa. Ni mita mia moja kutoka zizini, na njia ya kutokea baharini iwe wazi kabisa. Injini zote zimezimwa. Hakuna ngoma wala fataki."

"Haa! Tunazika mtu?"

"Sikiliza kwanza. Nguva si samaki. Anavuta hewa kama mimi na wewe. Lazima apande juu apumue. Mkimzunguka kwa boti, atapandia wapi? Akiogopa atazama, na pumzi itamwishia huko chini. Akipanda, ni pua tu inayoonekana. Mwenye boti hamwoni. Panga la injini linampasua mgongo."

"Atapasuliwa na panga la nani? Mimi naendesha polepole."

"Na wale wengine kumi nyuma yako, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza?"

Arlindo alikumbuka mkutano.

"Na ile chupa ya mkiani," Socorro aliendelea, "si takataka, wala si ya kufungia utepe. Ni redio. Ndiyo inayotuambia yuko wapi. Mwambie Josenildo aachane nayo. Na mpira wake wa maji aupeleke bustanini. Nguva akizoea kunyweshwa na watu, kila akiona boti anaifuata."

"Lakini mimi namjua! Mimi siwezi kumdhuru!"

"Wewe zaidi ya wote, mjomba. Anaijua injini yako. Mwaka jana tulipomtoa mara ya kwanza alifuata boti mpaka gatini, tukamrudisha. Jumamosi ni mara ya mwisho. Akifuata boti tena, atapelekwa mjini kwenye bwawa la saruji. Atakaa humo mpaka afe."

Zuleide aliacha kukunja karatasi. Arlindo alitazama pembeni. Yeye ameliona lile bwawa la mjini. Nguva wawili wamo humo, wanazunguka na kuzunguka, kuta zikiwa kijani.

Lakini Arlindo ni mbishi wa kuzaliwa. "Unatia chumvi," alisema. "Nguva ana akili. Akiona boti zimemzunguka atapita chini, atokee kule. Hata mimi naweza."

"Unaweza?"

"Mimi? Mimi nazama kuliko bata!"

"Haya. Kesho asubuhi wewe uwe nguva."

Kesho yake watu walijaa mtoni kuliko siku ya uchaguzi. Socorro aliwaambia wenye boti wang'oe injini zao na waje na makasia tu. Arlindo alikuja na kaptula yake ya Jumapili. Zuleide alimfunga chupa tupu kiunoni kwa kamba, iwe redio.

"Mama, usikaze sana," Socorro alisema.

"Acha nikaze. Redio ya serikali hii."

"Ya serikali ipi?" Arlindo aliuliza. Hakujibiwa, maana alikuwa amesukumwa majini.

Alizama. Boti zikasogea. Hakuna aliyetaka ubaya. Kila mtu alitaka tu kuwa karibu. Josenildo alipiga makasia akisema, "Nipisheni, nipisheni, ubavu wa kulia ni wangu!" Mwingine alipiga sufuria badala ya ngoma, ili msafara uwe msafara.

Arlindo alitaka kupanda juu. Akakuta boti. Akaenda kushoto, akakuta boti nyingine. Akageuka, chupa ikanasa kwenye kasia la Josenildo. Josenildo akalivuta kasia. Arlindo naye akavutwa, kinyumenyume. Mwishowe alipanda kwa nguvu zote na kichwa chake kikagonga chini ya boti. Mlio wake ulisikika mpaka kanisani.

Walimburuta ufukweni. Alikohoa maji, akashika kichwa, akawatazama wote kwa hasira.

"Mmekosa akili nyie? Mnanisongea kama bia ya bure! Nitapumulia wapi? Na wewe mwenye sufuria, lile sufuria chini ya maji unajua linalia vipi? Limeingia masikioni limetokea puani!"

Zuleide alikuwa amejiziba uso kwa kitambaa cha jikoni, mabega yakicheka.

"Na hizo hazikuwa na injini," Socorro alisema taratibu.

Arlindo aligusa nundu iliyoanza kuota kichwani. Akakaa mchangani. Hasira ikamtoka, na nyuma yake ikaja hofu.

"Mungu wangu," alisema. "Tungemuua. Kwa bendera na nyimbo, tungemuua."

Kuanzia hapo hakuna aliyeyalinda maboya yale kuliko yeye. Ndivyo alivyo, akibadilika, anabadilika mpaka anachosha watu. Alikwenda kila nyumba yenye boti. Aliwaonyesha nundu, akawashurutisha waiguse, kisha akaeleza. Kaa nyuma ya maboya. Zima injini. Usimguse, usimlishe, usimpe maji. Ukimkuta njiani siku nyingine, itoe injini kwenye gia, ngoja mpaka aende mwenyewe. Penye nguva, nenda polepole, na mtu mmoja asimame mbele atazame majini. Injini yake mwenyewe aliing'oa akaifungia jikoni. Zuleide alipikia pembeni yake siku mbili, akinung'unika kwamba petroli imeingia kwenye maharage.

Jumamosi ilifika. Boti zilijipanga kimya nyuma ya maboya. Hata Josenildo alikuja na makasia, na mdomo wake ameufunga. Arlindo na Zuleide walikaa mwisho wa mstari, karibu na mlango wa mto.

Watu wa mradi waliondoa nguzo za zizi. Pitomba alikaa palepale. Kisha pua ikaonekana, ikapumua, ikazama. Ile redio ya mkiani ikaanza kusogea kuelekea baharini. Zuleide alimshika mumewe mkono.

Mara ukasikika mngurumo. Boti ya kasi ilikuwa inakuja kutoka baharini, imejaa wageni wenye simu mikononi. Mbele amesimama diwani mmoja mwenye miwani ya jua. Ile redio ilisimama. Kisha ikageuka. Pitomba alikuwa amesikia injini, na injini kwake maana yake ni kifungua kinywa.

Arlindo aliruka wima, boti nusura ipinduke. Alitanua mikono yote miwili. "Zima! Zima injini!"

"Unanijua mimi ni nani?" diwani aliita.

"Nakujua! Nilikupigia kura! Zima, au nitaeleza kwa nini nilikupigia!"

Wageni wakacheka. Diwani akavua miwani, akatazama zile boti zote zilizotulia, akatazama macho yote yaliyomkodolea. Akazima injini. Mto ukanyamaza.

Lakini redio iliendelea kuja. Ilipita kati ya maboya, ikaja moja kwa moja kwenye boti ya Arlindo. Pitomba alitoa pua majini kando yake kabisa. Akapumua, na ule mvuke ukamlowanisha Arlindo uso. Ndevu zile, yale macho madogo. Alikuwa anangoja majani yake.

Arlindo aliikalia mikono yake yote miwili. Alifungua mdomo. Anaijua sauti yangu, aliwaza, neno moja tu nimuage. Zuleide alimziba mdomo kwa kiganja, akamshikilia hivyohivyo, machozi ya mumewe yakimtiririkia vidoleni. Hakuna aliyesogea. Hata diwani alishusha simu yake.

Pitomba alingoja. Akasukuma ubao wa boti kwa pua, mara moja. Hakupata kitu. Akavuta pumzi ndefu na kuzama. Redio ikageuka polepole, ikapita mlango wa mto, ikaingia baharini, kule majani yanakoota mengi na nguva wa porini wanakojilisha.

"Ameenda," Zuleide alisema, akaondoa mkono.

"Umeniumiza jino," alisema Arlindo, akalia waziwazi kama mtoto.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kila jioni alisimama mlangoni kwa Socorro kuuliza. Je, amefuata boti? Hapana. Je, amekonda? Hapana, mjomba, amenenepa. Hakwenda kumtafuta hata mara moja, ingawa Zuleide alimwona mara nyingi akiitazama bahari akiwa hasemi kitu, jambo ambalo si kawaida yake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Arlindo alikuwa anarudi kuvua, Josenildo amesimama mbele anatazama majini. Josenildo akainua mkono. Arlindo akaitoa injini kwenye gia. Pua mbili zilitokea mbele yao. Moja ilikuwa ya nguva dume mkubwa wasiyemjua. Nyingine ilikuwa na zile ndevu.

Arlindo alipofika nyumbani alikuwa anakimbia.

"Zuleide! Nimemwona! Yuko na mwenzake!"

"Alikuja kwako?"

"Hakuja!" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Injini ilikohoa palepale kabla sijaitoa kwenye gia, akaisikia kabisa, na hakugeuka! Kanipita hivihivi, kanipa mgongo, kama hajawahi kuniona maishani mwake!"

Zuleide alimkumbatia, na harufu yake yote ya samaki.

Jioni ile Arlindo alizunguka nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Pitomba hamjui tena. Watu walitoka nje, wakampa mkono wa pongezi.