Harufu ya Siagi

Jumapili ile mwalimu wa udereva hakutoka nyumbani kutafuta mke. Alitoka kumsindikiza dada yake kununua mapazia, na mwanamume yeyote aliyewahi kumsindikiza dada yake kununua mapazia anajua kwamba kazi yenyewe ni kusimama. Ukumbi wa maonyesho ulifurika. Dada alizama kwenye vitambaa, na umati ukamsukuma kaka mtu taratibu mpaka tumbo lake likagota kwenye kaunta ya kiwanda kidogo cha bia.

Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, mabuti ya mpira na kilemba chekundu. Kilemba kilifungwa kwa haraka, lakini kilimkaa kweli kweli.

"Karibu uonje," alisema. "Bure."

"Cha bure kina mkia."

"Mkia wake ni kusema ukweli. Onja."

Glasi ilikuwa ndogo. Bia ilikuwa ya rangi ya kaharabu, mfano wa chai ya rangi iliyokolea, na povu lake zito lilikataa kushuka. Mwanamke alieleza kwamba huo ni mtindo wa Kijerumani: bia huchachushwa penye ubaridi kiasi, kisha hulazwa wiki kadhaa kwenye baridi kali mpaka itulie. Mwalimu alinusa, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni. Kwanza lilikuja ganda la mkate wa moto. Ikafuata sukari iliyoungua kidogo, na mwisho uchungu.

"Vipi?"

"Inaanza vizuri. Katikati naipenda sana. Ila mwisho inakata kona bila kuwasha taa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Uchungu unatokea ghafla, haukupi ishara. Mimi nafundisha watu kuendesha gari, nimeshazoea kushtushwa."

Mwanamke alicheka mpaka akashika kaunta. Yeye ndiye aliyeipika bia ile, na kasoro hiyo alikuwa anaihisi, lakini kila aliyemuuliza kiwandani alijibu kuwa bia ni tamu. Kiwanda kilikuwa cha shangazi yake. Nani angethubutu kumkosoa mtoto wa kaka yake bosi?

"Jumapili ijayo utakuwa wapi?" aliuliza.

"Itategemea mapazia."

"Nipe namba yako."

Dada mtu aliporudi na mzigo wake, alimkuta kaka yake ameshika glasi tupu, anatabasamu peke yake. "Nimekuacha kidogo tu," alisema. "Umeshaoa?"

Hakuwa ameoa, lakini hakuwa salama. Tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwa kiwandani, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Siku nyingine hakugusa pombe, maana kazi yake ilikuwa kukaa kando ya watu wasiojua tofauti ya breki na mafuta. Mpishi alimwekea glasi tatu: mbili zina bia ile ile, moja ina nyingine, naye atafute ya peke yake. Mara nyingi aliipata. Akiikosa, alisema wazi kuwa amebahatisha. Mpishi alimpenda kwa hilo kabla hajampenda kwa mabega yake, ingawa mabega nayo alikuwa ameshayaona.

Siku moja mchana simu ikalia.

"Mpishi wangu, uko wapi?"

"Niko juu ya ngazi, nachungulia tangi. Sema haraka."

"Nimekukumbuka."

"Hilo si la haraka. Kuna lingine?"

"Leo mwanafunzi wangu kagonga pipa la taka, akashuka kuliomba msamaha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amekosea. Arudi nyuma, ajaribu tena."

"Ndiyo maana nakupenda," alisema mpishi, kwa sauti ile ile ya kusoma kipimajoto. "Mwalimu? Umekata?"

"Sijakata. Nimesimamisha gari kwanza."

Sasa shangazi. Huyu alikuwa mama mrefu wa miwani ya kuning'inia kifuani na raba nyeupe zisizojua doa, na kiwanda alikijenga kwa bia nyepesi inayoiva upesi na kununuliwa upesi. Bia ya kaharabu ilikuwa mgeni asiyeondoka: inalala kwenye tangi wiki na wiki. Akamwambia mtoto wa kaka yake kwamba mnunuzi wa hoteli anakuja kuonja. Akiitaka, tangi ni la kaharabu moja kwa moja. Asipoitaka, wanarudi kwenye bia nyepesi na mjadala umeisha.

"Wenzio wanakusifu kila siku," alisema. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikusifu, nataka kuona."

Basi mpishi akapika kama mtu anayepika maisha yake, na katikati ya kazi hiyo mafua yakamshika. Pua ikaziba kabisa, na iliziba siku mbaya. Bia changa hutoa harufu ya siagi. Ukiiacha kwenye joto siku chache zaidi, hamira huila harufu hiyo yenyewe. Ukiiwahisha kwenye baridi, hamira hulala na siagi hubaki. Ilibidi mtu anuse aamue, na mtu mwenye pua ya kuaminika alikuwa mmoja tu.

Mwalimu alinusa. Siagi ilikuwepo. Si nyingi, lakini ilikuwepo.

Akamtazama mpishi. Macho mekundu, kitambaa cha pua mkononi, na chini ya ovaroli gauni la njano alilolivaa kwa ajili yake.

"Niambie ni nzuri, mwalimu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimechoka. Tukiiacha kwenye joto tena, siku ya mnunuzi itatupita."

"Ni nzuri," alisema mwalimu. "Ilaze."

Alidhani amemtunza. Watu wengi wazuri huwaharibia wapenzi wao kwa namna hiyo, tena wakiwa wameshikana mikono.

Mnunuzi alikuja na suti ya kijivu na adabu nyingi. Alinusa mara mbili, akaonja, akaiweka glasi mezani polepole. "Mbona kama kuna siagi?" aliuliza, kisha akaomba aonjeshwe bia nyepesi. Mafua ya mpishi yalikuwa yameisha. Aliinua glasi yake, akanusa, kisha hakumtazama mnunuzi wala shangazi. Alimtazama mwalimu.

Walitoka uani, penye magunia ya kimea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukasema ni nzuri."

"Ulikuwa umechoka, mpenzi. Sikutaka kukuumiza."

"Watu wa kunidanganya ninao, tena wanalipwa mshahara. Wewe ulikuwa wa nini?"

Mpishi alimwonyesha geti, naye akatoka.

Alipiga simu mpaka simu yenyewe ikachoka. Aliandika "Nisamehe", ujumbe ukasomwa, na hakuna kilichorudi. Dada yake alimsikiliza hadi mwisho. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema, kisha akamwambia pole hata hivyo na kumchemshia chai. Kazini wanafunzi wake walishangaa: mwalimu aliyekuwa akicheka na makosa yao sasa alitazama tu barabara. Alimkumbuka yule mwanamke mpaka chakula hakishuki, na kibaya zaidi, kila alipopita penye duka la mikate moyo ulimruka.

Kiwandani mpishi naye alikuwa anaumia, ila yeye alikuwa na hasira ya kujisitiri nayo. Alimwangukia shangazi, akaomba mpiko mmoja tu wa mwisho. Shangazi akakubali kwa shingo upande, na mnunuzi, kwa ile adabu yake, akaahidi kurudi. Safari hii mpishi aliinusa bia asubuhi, mchana na jioni. Siku moja kabla ya mnunuzi kuja, mpishi akagundua kwamba ameinusa mno mpaka hasikii tena kitu.

Simu ya mwalimu ililia akiwa garini. "Simama pembeni," alimwambia mwanafunzi, akapokea.

"Usifurahi," sauti ilisema. "Sikuiti kama mpenzi. Naita pua tu."

"Pua inakuja."

Alimkuta mpishi amesimama kando ya meza, uso umekaza, kilemba kimefungwa barabara. Shangazi alikuwepo, mikono kifuani. Wafanyakazi walikuwa wameshaonja na kusema ni tamu, tamu sana. Mpishi akamimina. Rangi ilikuwa safi, povu zito. Mwalimu akanusa, akanywa, akafumba macho.

Kila mtu mle ndani alijua mpishi anatamani kusikia nini. Neno moja zuri, na labda mwalimu angerudishiwa mwanamke wake pale pale.

"Bado," alisema.

"Bado nini?" shangazi alifoka.

"Siagi hakuna. Mkate upo, sukari ipo. Lakini haijatulia, inakwaruza kooni. Ilale tena wiki mbili tatu."

"Mnunuzi anakuja kesho!"

"Akija kesho atakunywa bia ambayo haijaiva, mama." Alimgeukia mpishi. "Nakupenda, na bia haijaiva. Yote mawili ni kweli."

Mpishi akachukua simu, akampigia mnunuzi, akamwomba asogeze siku. Walimsikia akisema "naelewa," halafu "sawa," halafu "asante." Akaiweka simu mezani.

"Ana mwingine wa kumwendea," alisema.

"Na makubaliano yetu unayakumbuka," shangazi alisema.

"Nayakumbuka, shangazi. Sitatoa bia mbichi."

Mnunuzi kweli alikwenda kwa mwingine, na hakurudi. Bia ikaendelea kulala. Mwalimu alirudi kila Jumapili, bila kuitwa mpenzi, akionja na kusema bado, na Jumapili moja mpishi alimsogezea kiti bila kusema kitu, naye akakaa.

Ilipoiva, hakukuwa na haja ya kuulizana. Shangazi alikunywa glasi nzima amesimama. Akajimiminia nyingine mwenyewe, akavuta kiti, akavua miwani.

"Hoteli imetupita," alisema hatimaye. "Tangi litabaki la kaharabu. Nitaiuza mwenyewe hii, mlango kwa mlango." Akamtupia mwalimu jicho. "Na wewe? Umekuja hapa kunywa tu?"

Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena. Mpishi alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Nataka kukuoa," alisema.

"Utaoa mtu wa namna gani? Sema mbele ya shangazi."

"Mbishi. Atakayechelewa kurudi na kunuka kimea. Akikasirika hapokei simu, na mimi nitateseka sana."

"Kweli kabisa," shangazi alisema.

"Na bado unataka?" mpishi aliuliza.

"Nataka."

Mpishi aliweka kitambaa chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, wala hakuyaficha. "Nimekubali," alisema.

"Unasema kweli?"

"Mimi sijawahi kukudanganya."

Neno hilo lilimchoma, na lilistahili kumchoma. Akauchukua mkono wake, bado umelowa maji ya kuoshea glasi, wakakaa hivyo huku shangazi akijimiminia ya tatu.