Nafasi ya Dereva Kwenye Mkeka

"Hapo pana mtu," Dada alisema, akasukuma mkoba wake katikati ya mkeka.

Mama aliyebeba kiti cha kukunja aliutazama mkoba, akamtazama Dada, akaenda zake.

Ilikuwa hivyo tangu asubuhi. Uwanja umefurika, watu wamebanana kwenye majani, bendi inashuka bendi inapanda, na kwenye mkeka wao kuna nafasi ya mtu mzima mwenye miguu mirefu, imekaa tupu. Ilikuwa ya Dereva wa lori, mchumba wa mdogo wake. Leo aliahidi kuja kukaa hapo, ale nao, kisha ataje tarehe ya ndoa mbele ya Dada. Maana wazazi walishatangulia, na Dada ndiye aliyebaki kuwa baba na mama.

Mdogo mtu alikuwa msusi. Wiki nzima anasimama nyuma ya vichwa vya watu, vidole vimekakamaa, miguu imevimba. Alikuwa amevua viatu, na alama za mikanda bado zimejichora kwenye ngozi. Alikuja akiwa ameshachoka, hata muziki aliusikia kama mvua inayonyesha juu ya bati la jirani.

Mchana ujumbe uliingia: "Nipo njiani mpenzi. Lori limezingua kidogo."

Dada alitaka asomewe. Akasomewa. Akasema lori hilo lina akili sana, linajua siku za kuharibika: liliharibika alipotakiwa kuja kumzika mama, likaharibika tena Dada alipolazwa hospitali. Msusi akavuta kopo la mayai. Miaka mitano amemtetea yule mwanaume, sasa hata maneno ya kumtetea yalikuwa yanamwishia. Akamenya yai, akampa dada yake. Jingine akaliacha kwenye kopo, la Dereva.

Jua lilipoanza kuinama, simu iliita.

"Uko wapi?"

"Bado niko huku barabarani. Fundi ndiyo kwanza kaingia uvunguni. Mwombee msamaha kwa Dada, leo tena..."

Hakumaliza. Jukwaani kipaza sauti kilipiga mluzi mkali, watu wakaziba masikio. Mluzi ule ule ukamtoboa Msusi kwenye sikio la simu. Mwimbaji akacheka, akaomba radhi. Na ndani ya simu mwimbaji yule yule akacheka, akaomba radhi.

Msusi akageuka, akautazama umati nyuma yake.

"Huko barabarani kuna muziki mzuri," Msusi alisema taratibu.

Simu ikakatika.

Dada alikuwa ameshasimama, mtandio ameufunga kiunoni. Alisema anaenda kumfumania na kimada wake, na huyo kimada atavuliwa wigi mbele ya kadamnasi. Msusi alimsihi akae. Akavaa viatu, kimoja kikakataa kufungika, akaenda mwenyewe hivyo hivyo.

Alipita vibanda vya soda akichungulia wanaume waliokaa na wanawake. Kila mgongo mpana ulimshtua. Alimkuta nyuma ya jenereta, amekalia kreti, na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na chupa ya pili wala kipochi cha mtu. Na kutoka pale, katikati ya migongo ya watu, mkeka wao ulionekana vizuri kabisa.

"Umefika saa ngapi?"

"Kabla yenu."

"Ukakaa hapa."

"Niliwaona mkitandika. Nikasema nijipe moyo kidogo, nije. Nikamwona Dada anapanga sahani. Miguu ikagoma."

"Na siku ya msiba wa mama?"

Dereva aliinamisha uso. "Lori lilikuwa zima."

Msusi alitafuta hasira, hakuipata.

"Ningekukuta na mwanamke ningejua la kufanya," alisema. "Ningelia, ningekutukana, Dada angemvua mtu wigi, tungerudi nyumbani. Sasa uko peke yako. Nishindane na nani?"

"Nakupenda, haki ya Mungu. Kwani tulivyo hivi si tuko sawa?"

"Wewe ndiye uko sawa. Mimi nimechoka." Akamshika mkono. "Inuka twende. Hata tarehe usiitaje. Umwamkie tu, ukae."

Dereva aliinuka. Akapangusa suruali. Kule mbali Dada alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anawatafuta. Dereva alimwona. Akakaa tena.

"Wiki ijayo," alisema. "Nakuapia."

Msusi alimpangusa kola kwa vidole, kama anavyompangusa mteja aliyemaliza kusukwa, akamwambia asije tena saluni wala nyumbani. Kisha akageuka.

Dada alimpokea maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yuko na nani?"

"Yuko peke yake."

"Peke yake anafanya nini?"

"Anatuangalia, Dada."

 Dada akaufungua mtandio kiunoni, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa. Akakaa, akanyoosha miguu, akamvuta mdogo wake kichwa mpaka mapajani. Msusi alijilaza urefu wote wa mkeka.

Bendi nyingine ikapanda, ngoma zikaanza kurindima. Wimbo wa kwanza haujaisha alikuwa ameshapitiwa na usingizi, viatu miguuni, na Dada akawa anawageukia waliokuwa wakiimba pembeni, kidole mdomoni, anawaomba wapunguze sauti kidogo.