Bloki Iliyotoa Jasho

Asubuhi zote za likizo ile Dorcelle alizianza vilevile: kuoga, chai na mkate, kisha moja kwa moja hadi karakana ya shangazi yake katika komini ya Kenya jijini Lubumbashi, akae juu ya kigoda na kuchambua vyuma chakavu. Pistoni kuukuu na vifuniko vya injini aliviweka upande wa ukuta. Sufuria zilizotoboka aliziweka upande wa mlango. Kazi yenyewe ilichosha, mikono ilinuka oili chafu hata baada ya sabuni, na kibaya zaidi, Tantine Honorine hakuwa mtu wa kumwamini mwingine hivi hivi. Alipita, akainama, akaokota kipande kimoja na kukigonga kwa nyundo ili asikie mlio wake.

“Hii iko sufuria, Dorcelle. Juu ya nini iko na pistoni?”

“Tantine, kamoja tu!”

“Hako kamoja ndako katatuletea shida. Sufuria iko laini. Kwa kupika bukari iko muzuri. Kwa injini, hapana!”

Miaka yote karakana ile ilitengeneza sufuria tu. Sasa Honorine alikuwa amejitwika bloki ya injini ya mashua, na mashua yenyewe ilikuwa ya mdogo wake Sylvain, baba yake Dorcelle, aliyebeba abiria na samaki katika Ziwa Mweru kutoka Kilwa, mji ulio ufukoni mwa ziwa hilo. Bloki ya zamani ilikuwa imepasuka ubavuni. Injini ilikuwa kuukuu kiasi kwamba wauza vipuri wa Lubumbashi, walipoonyeshwa picha yake, walicheka tu.

Kabla ya kuwasha moto watu wazima walibishana mpaka Dorcelle akaumwa kichwa. Sylvain alitaka bloki ya fonte, chuma kizito kama kile cha zamani. Honorine akamwambia kwamba tanuri lake la makaa na feni huyeyusha aluminiamu bila taabu, lakini fonte haliiwezi. Basi tuchomelee ule ufa, akasema Sylvain. Merdi, kijana aliyetengeneza kalibu za mchanga za kumiminia aluminiamu pale karakanani, akatikisa kichwa: fonte iliyochomelewa hivi hivi, ikipata joto la safari ndefu, hupasuka tena kando ya kiungo. Mwishowe wakakubaliana wayeyushe pistoni kuukuu, kuta za bloki ziwe nene kuliko za zamani, na ndani yake waingize bomba la chuma ambamo pistoni itapanda na kushuka.

Merdi akachonga mfano wa mbao na kuushindilia katika mchanga. Mahali ambapo maji ya kupozea injini yangepita, aliweka viini, yaani vipande vya mchanga uliokandwa kwa molasi na kukaushwa motoni. Aluminiamu ingevizunguka, kisha mchanga ungekung'utwa nje na kuacha njia za maji.

Siku ya kumimina, wakati wote wamelikazia tanuri macho, Dorcelle alisogea kwenye kalibu iliyokuwa bado wazi. Mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya maji ya baraka aliyopewa na bibi yake, aliyemwita Kambo Laurentine. Mwaka uliopita injini ilikuwa imezimika katikati ya ziwa, upepo ukaisukuma ovyo mashua ya baba yake, akina mama na watoto wakiwa ndani, na tangu siku hiyo Dorcelle hakuwa akilala vizuri baba akiwa safarini. Akanyunyiza kidogo juu ya viini, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye kigoda chake. Hakuna aliyemwona.

Merdi akafunika kalibu, wakamimina. Bloki ilipopoa ilitoka nzuri, inang'aa. Honorine akaziba matundu yake, akaijaza maji na kuunganisha pampu ya baiskeli. Merdi akapampu. Taratibu, ubavuni, vikatokeza vitone.

“Inatoka jasho,” alisema Merdi kwa unyonge.

Honorine akaipasua kwa nyundo kubwa. Ndani, kandokando ya njia za maji, aluminiamu ilikuwa na vitundu kama mkate. Basi ikaanza adha. Mchanga wote ulibadilishwa. Dorcelle aliamriwa achambue upya lundo zima, hata vile ambavyo shangazi mwenyewe alikwisha kuvigonga, na alichambua huku amenuna na machozi ya hasira yakimlenga. Merdi alitengeneza viini vingine na kuvikausha kutwa nzima. Na Dorcelle, kwa kuwa mara ya kwanza baraka haikutosha, mara ya pili alinyunyiza zaidi.

Bloki ya pili ilitoa jasho kuliko ya kwanza.

“Ah, non!” Honorine alitupa koleo chini. “Merdi, vile viini ulivikausha kweli?”

“Nilikausha, Mama! Nilikaa nabyo kama mutoto muchanga!”

“Unanidanganya! Vitundu hivi ni mvuke. Maji yakibaki kwenye kiini, aluminiamu ya moto inayageuza mvuke, mvuke inatafuta njia, inatoboa ukuta. Hakuna maji, hakuna mvuke. Kama weye haukuyaacha, yalitoka wapi? Kesho nitatafuta muntu mwingine.”

Sylvain alikuwa amesimama mlangoni. Akamgeukia dada yake mkubwa.

“Yaya, imetosha. Kesho camion ya Jeannot inaenda Kilwa. Leo nitapeleka bloki ya zamani kwa fundi bachomelee ule ufa, nibebe ile.”

“Bataichomelea, itapasuka! Si ulisikia?”

“Nilisikia. Lakini bantu bananingoja.”

Merdi akaanza kuvua aproni yake, uso umemwiva kwa uchungu. Dorcelle aliishika chupa mfukoni. Maji. Mvuke. Alimjua shangazi yake akikasirika, na sasa alikuwa amekasirika tayari. Lakini alimwona baba yake katikati ya ziwa na bloki ya kuchomelewa, na alimwona Merdi akikunja aproni kwa kosa lisilo lake.

“Tantine,” alisema. “Tantine, Merdi alikausha. Ni miye niliweka maji.”

Akatoa chupa. Akaeleza yote, mara ya kwanza na mara ya pili.

Honorine aliketi juu ya sufuria iliyofudikizwa.

“Maji,” alisema. “Ndani ya kalibu! Dorcelle, unajua kama yangekuwa mengi, aluminiamu ya moto ingeturukia usoni? Ungetuchoma siye wote! Bloki mbili! Mchanga mupya! Makala yote ya tanuri! Na miye hapa namutukana mutoto wa wenyewe!”

“Mama, basi,” alisema Merdi, akifunga tena aproni. “Mimi nimesikia tu kwamba viini vyangu vilikauka.”

Dorcelle akamwomba Merdi msamaha. Kisha Honorine naye akamwomba, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Asubuhi iliyofuata lori la Jeannot liliondoka bila Sylvain. Walipomimina tena, sala ilisaliwa kwanza, wote pamoja, nje kabisa karibu na lango, na chupa ilibaki huko. Bloki ilipopoa Merdi alipampu mpaka akahema. Sylvain alipitisha kiganja ubavuni, juu, chini, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Wakaijaribu tena kwa maji ya moto, na bado ilikuwa kavu. Hapo Sylvain akamkumbatia dada yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Honorine akamwita Dorcelle kando.

“Kumuombea papa yako haikuwa kosa. Kosa ni kutia mukono katika kazi ya bantu na kunyamaza. Siye tulitafuta kosa kwenye mchanga, kwenye pistoni, kwa Merdi, mahali pote lisipokuwa. Usingoje mpaka ujue kama umeharibu. Kitu umefanya, kiseme, siye tutaona pamoja. Umesikia?”

“Nimesikia, Tantine.”

Sylvain akaichukua ile chupa na kuitia mfukoni. “Hii naenda nayo Kilwa, ninyunyize mashua. Yenyewe haiogope maji.”

Kesho yake Dorcelle alirudi kwenye kigoda chake.

“Tantine, hiki sikijui kama ni pistoni.”

“Lete nigonge.”

“Tantine, nimekunywa maji hapa, lakini mbali na kalibu.”

“Sawa.”

“Tantine, nimepiga chafya upande wa mchanga.”

Honorine akashika kichwa kwa mikono miwili. “Dorcelle! Utanimaliza, weye mutoto!”

Lakini hakumwambia aache.