Mtani wa Meza ya Nne

Kila asubuhi, kabla hatujapanga mapapai, mimi na Dalanda Bah tulianza kwa kutukanana.

"Faye, umeamka? Nilidhani wali wa jana umekupasua tumbo!"

"Nyamaza, mwizi wa ng'ombe. Leo umeiba wa nani?"

Wanawake wote wenye meza za matunda pale ufukweni Kotu walikuwa wakicheka. Mimi ni Mserer, yeye ni Mfula wa Guinea, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mjukuu wangu Siga, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akija kunisaidia baada ya shule. Akajifunza kutania kwa kutusikiliza. Mpaka wa utani sikumwonyesha, na hilo ni kosa langu.

Mwaka ule Ebola ilikuwa ikiua watu Guinea na nchi za jirani. Kwetu Gambia hakuugua hata mmoja. Lakini mtu aliyeko Ulaya akitazama ramani, huona sisi sote tunakaa nyumba moja. Ndege za watalii zilizozoea kuja zimejaa zikaja nusu, kisha robo. Matunda yakatuozea mezani.

Anneke, mwalimu mstaafu wa Kiholanzi, hakuacha kuja. Alikuwa mteja wangu wa miaka tisa. Siku moja alinisalimia, kisha akaketi kwa Dalanda, meza ya nne. Siga akanuna.

"Bibi, anatuibia mteja!"

"Ana nanasi, mimi sina. Panga machungwa."

Hakupanga. Nilimwona akimwinamia Anneke sikioni. Anneke akaweka kipande cha nanasi mchangani, akafuta mikono, akaifuta tena, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Anneke aliwaambia wenzake hotelini, nao wakaandika kwenye simu zao: muuza matunda wa Kotu amemwosha kaka yake aliyekufa kwa Ebola. Baada ya siku tatu vikundi viwili vya watalii vikafunga mizigo. Ijumaa ufukwe ulikuwa mtupu.

Jumamosi nilichelewa. Nilipofika na Siga, niliwakuta wenzangu wakisukuma matunda ya Dalanda baharini kwa vijiti, wasije wakayagusa. Meza yake walikuwa wameimwagia dawa ya kuua vijidudu. Yeye alisimama pembeni, godoro kichwani, maana mwenye nyumba alikuwa amemtoa.

"Rudi kwenu ukafie huko!" mmoja alimpigia kelele. "Umetumalizia wageni!"

"Kwani amefanya nini?" niliuliza.

"Hujui? Kaka yake amekufa kwa Ebola!"

Nilimjua Dalanda miaka kumi na moja. Hana kaka, hajawahi kuwa naye. Nikageuka nikamtazama Siga.

"Nilikuwa namtania tu, Bibi," akasema, macho chini. "Mbona wewe humwita mwizi kila siku?"

"Nikimwita mwizi yupo, anasikia, anacheka. Wewe ulipomuua kaka ambaye hata hakuzaliwa, alicheka nani?"

Akaanza kulia. "Nilitaka Anneke arudi kwetu."

Sikumpiga. Nilimshika mkono, nikamsimamisha mbele ya wale wanawake na vijiti vyao. "Sema." Akasema yote. "Sasa kamuuzie kunguru machungwa yako, mshenzi mdogo!" mmoja akamwambia, na sikumtetea. Kisha tukaenda hotelini, akamwambia na Anneke. Mama wa watu alilia, akaandika ukweli kwenye simu yake. Ule uongo ulikuwa umefika Ulaya kwa siku moja. Ukweli ulipofika, hakuna aliyeusoma. Kabla ya Krismasi hoteli ikafungwa, nasi tukala mapapai yetu mpaka watoto wakayakataa.

Mwenye nyumba alimrudishia Dalanda chumba chake. Siga alisugua meza ya nne siku nzima, mpaka viganja vikachubuka, akaomba msamaha akiwa amepiga magoti. Dalanda akamwinua. "Nimekusamehe, mwanangu."

Miaka miwili baadaye ugonjwa uliisha. Ndege zikajaa, wageni wakarudi wakicheka kwa wepesi kama watu waliotoka msalani. Anneke naye akaja, akaketi mezani kwetu, akala papai. Asubuhi ile moyo wangu ulijaa furaha, nikapaza sauti:

"Wewe mwizi wa ng'ombe, umeamka?"

Wanawake wote wakageuka, tayari kucheka. Dalanda akainamisha kichwa.

"Nimeamka salama, Mama Faye. Na wewe, hujambo?"

Kwa heshima kabisa, kama anavyomsalimu askari. Ndivyo anavyonisalimu mpaka leo.

"Bibi," Siga alininong'oneza, "si alinisamehe? Mbona hatutanii tena?"

"Alikusamehe. Sikiliza, mjukuu wangu. Watalii hukimbia wakisikia ugonjwa, vita au mafuriko, hata kama ni ya nchi nyingine. Hayo hatuwezi kuyazuia, na yakipita wao hurudi. Ila usimsingizie jirani yako uongo ili umpate mteja. Mteja umempata, yule pale anakula. Jirani yuko wapi?"

Siga alitazama meza ya nne. Dalanda alikuwa akikata nanasi, ametugeuzia mgongo.