Ukurasa wa Kuhusu Sisi

"Soma kwa sauti, bi mkubwa, wote tusikie!"

Chumba cha kushonea cha mama na binti yake kilijaa wateja. Binti alisimama kando ya cherehani yake, meno yote nje. Mchumba wake, fundi wa tovuti waliyemwita Fasta, alijifungia wiki nzima kuwatengenezea tovuti ya kuwashtukiza. Hakuuliza mtu hata swali moja. Aulize nini, jamani, na mtaalamu ni yeye!

Mama mkwe akavaa miwani, akabonyeza palipoandikwa Kuhusu Sisi.

"Hapa tutaweka... habari za yule mama mkali. Akinuna... weka picha ya mbuzi."

Mteja mmoja akapasuka kicheko.

Fasta alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliandika kwa mzaha, akasahau kufuta.

"Mama, hayo yalikuwa maneno ya kushikilia nafasi tu, hadi niweke ya kweli..."

"Nafasi ya mbuzi?" mama akauliza taratibu. "Na hizi picha za shela za maharusi ni za nani? Sisi tunashona sare za wauguzi na aproni za wapishi."

"Nilidhani..."

"Ulidhani!" Binti machozi yalimlengalenga. "Kila siku nakusimulia habari za sare. Kumbe naongea na ukuta?"

Fasta akatoka bila kuaga. Hajafika mbali, ujumbe wa binti ukaingia kwenye simu: "Jumapili usilete wazazi wako. Umeniaibisha."

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, binti akapokea.

"Unasemaje?"

"Naona aibu hata kuisikia sauti yako."

"Sasa aibu yako mimi niifanyeje?"

"Niruhusu nije niulize. Nilianza kujenga kabla sijajua najenga nini, kwa ajili ya nani."

Binti akavuta pumzi.

"Njoo. Ila mama yupo, na amenuna kweli."

Alirudi kichwa chini, bila kompyuta, na karatasi tupu mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea adabu mbele za watu. Sina cha kujitetea, naomba unisamehe."

"Marahaba. Kaa. Uliza."

"Wateja wenu ni kina nani? Wakifungua tovuti, watatafuta nini kwanza?"

"Saizi," binti akajibu kwa mkato. "Na mifuko. Muuguzi bila mifuko mikubwa hanunui."

Kumbe! Fasta akaandika. Kila alipotaka kudakia alijiuma ulimi, akasikiliza.

"Na kwenye Kuhusu Sisi?"

"Mama na binti, basi," binti akasema.

Neno hilo "basi" lilimchoma. Akaliandika hivyo hivyo. Mama akakata uzi kwa meno.

"Chini yake acha nafasi ya mkwe."

Fasta akainua kalamu haraka.

"We!" mama akamzuia. "Usijaze. Muulize mwenyewe kwanza."

Akamgeukia mchumba wake, masikio yakiwaka kwa aibu.

"Niandike jina langu?"

Binti akamtazama weee. Kisha akampokonya kalamu, akampa chaki ya kuchorea vitambaa.

"Andika kwa hii. Inafutika."

Fasta akaandika jina lake. Mama akarudi kwenye cherehani yake.

"Jumapili walete wazazi wako," akasema. "Mbuzi abaki."